Mtoki wa Sabina

Siku hizi mafuta ya nyonyo yanauzwa kila duka la vipodozi hapa Babati, kwenye vichupa vya plastiki vyenye picha ya msichana mwenye nywele hadi mabegani. Mwezi uliopita binti yangu alikuja na kimoja nyumbani, akakifungua mezani, akaanza kujipaka kichwani huku akinipa habari za kazini kwake. Nilimwambia akajipake nje. Akacheka, akidhani ni utani. Nikarudia, na safari hii sauti yangu ilimfanya aondoke bila kuuliza. Harufu ile ikinifikia, nasikia joto chini ya kisigino changu cha kulia, na siku yangu inaharibika.

Nilizaliwa kwa kutanguliza miguu. Nyumbani kwetu, na kwa majirani wengi wa Maisaka waliokuwa wametelemka kama sisi kutoka milima ya Mbulu, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa na mguu wa dawa. Mwenye mgongo uliokaza alilala kifudifudi nikamkanyaga. Aliyeteguka alinyoosha mguu nikaupitia kwa kidole gumba. Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa mitoki. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa mtoki ni nini, maana hakuna aliyekua miaka ile bila kuupata. Unaumia mguuni, kidonda kinachelewa kukauka, na baada ya siku mbili tatu unakuta kivimbe kinenani, kigumu, kinauma kila unapopiga hatua. Wote tulitembea peku. Sabuni haikuwepo, nguo tulifulia majani ya mpapai, na vidonda tuliviosha kwa maji ya chumvi, chumvi nayo ikipatikana. Kwa hiyo mitoki ilikuwa mingi, na mimi nilikuwa na kazi.

Aliyenisimamia alikuwa bibi yetu mzaa baba, tuliyemwita Aama. Yeye ndiye aliyempokea mama yangu wakati wa kunizaa, akaiona miguu yangu kwanza, na tangu siku hiyo alinichukulia kama mali yake. Mgonjwa akifika, Aama alimlaza kwenye ngozi ya ng'ombe pale uani, akapasha mafuta ya nyonyo kwenye kifuniko cha kopo, akanipaka kisiginoni. Mimi nilishika ukuta kwa mkono mmoja ili nisianguke. Nilikanyaga kinena polepole, nikishindilia kwenda chini, upande wa goti, mara tatu asubuhi na mara tatu jioni. Aama alisimama pembeni akiuambia mtoki urudi ulikotoka. Wagonjwa walikunja uso, wengine walilia, na baada ya wiki karibu wote walipona. Leo najua wangepona hata kama ningewakanyaga masikioni. Wakati ule kila aliyepona alikuwa ushahidi.

Wakipona walileta shukrani. Sukari iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, siku moja kibiriti kizima. Mliopanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, mkaambiwa saa sita kwamba sukari imekwisha, mnaelewa karatasi ile ilikuwa na uzito gani. Chai ya nyumbani kwetu ilipata utamu kwa sababu ya mguu wangu. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu muhimu kuliko Baba, ambaye alikuwa fundi wa mashine ya kusaga na mashine yenyewe ilikuwa imekufa kwa kukosa kipuri.

Mguu wa thamani namna hiyo haukuweza kuachwa utembee peku. Dada yangu mkubwa, Sabina, alikuwa na raba nyeupe alizonunuliwa na Baba, sijui alizipata wapi, alipochaguliwa kwenda sekondari. Kwa ukoo mzima alikuwa msichana wa kwanza. Raba zilikuwa zinasubiri siku ya kuripoti shule, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti juu ya kabati. Aama alizishusha. Alisema shule bado wiki nyingi, na mtoto mwenye dawa hawezi kukanyaga mavi ya kuku. Mama alizitazama, akarudi kuchambua mboga. Sabina alinifunga kamba mwenyewe, akajaza matambara mbele kwa sababu viatu vilinipwaya, akasema, "Usizichafue sana, nitazihitaji." Hakuonyesha chuki. Ningependa kukumbuka kwamba alichukia, ingenipunguzia.

Mimi nilikuwa na picha yangu ya mtoki. Niliamini ni mnyama kama fuko, yule anayechimba chini ya matuta ya viazi. Nilidhani anaingia kwa kidonda, anapanda ndani ya mguu, na akifika kinenani anapumzika kabla ya kuendelea kuelekea moyoni. Kisigino changu kilimrudisha. Siku moja nilimweleza Sabina habari hizo wakati tunafua nyuma ya nyumba, akacheka mpaka akaachia shati la Baba lianguke kwenye vumbi.

"Nani kakwambia kuna fuko?" aliuliza.

"Mwenyewe ninamsikia. Nikikanyaga anasogea."

"Ile ni tezi, Yulita. Mwalimu wa sayansi alituchorea ubaoni. Kuna majimaji mguuni ambayo siyo damu, yana vijia vyake vyembamba, yanapanda juu. Yakifika pale kinenani yanakuta kizuizi, kama kile cha barabara ya Kondoa. Kuna askari. Wanakagua kila kitu kinachopita, wakikuta vijidudu wanavikamata."

"Halafu?"

"Halafu wanaviua. Vikija vingi, askari nao wanaongezeka. Ndiyo maana panavimba. Kile kivimbe ni askari wako mwenyewe."

Alifikiri amenielimisha. Hakujua mtoto wa miaka tisa wa Babati ya wakati ule alikuwa anajua nini kuhusu askari wa kizuizini. Miezi michache kabla ya hapo, Mama alikwenda kwa kaka yake upande wa Kondoa kutafuta chakula, na wakati wa kurudi mgambo walimshusha kwenye lori. Walichukua debe mbili za mahindi alizopewa na kaka yake, eti hana kibali. Alirudi nyumbani kwa miguu na magunia matupu yamekunjwa kwapani, na kwa wiki nzima tulikula majani ya maboga. Kwangu mimi askari wa kizuizini alikuwa mtu anayemnyang'anya mama yako mahindi. Sabina aliponiambia kwamba askari wa namna hiyo wamekaa ndani ya miguu ya watu, wanavimba kwa kuongezeka, nilimwamini kabisa. Nikamwondoa fuko kichwani nikaweka mgambo mahali pake. Na tangu siku hiyo nilikanyaga kwa nguvu zaidi.

Leo ningeweza kumwambia kwamba alikuwa sahihi karibu kwa kila kitu. Majimaji yale yanaitwa limfu. Yanabaki katikati ya nyama damu inapopita, na hayana moyo wa kuyasukuma kama damu, yanapanda kwa sababu misuli inayabana tunapotembea. Tezi ziko kinenani, kwapani, shingoni, na ndani yake chembe nyeupe zinasubiri kutambua kinachopita. Zikikikuta kijidudu zinazaliana kwa wingi, nyingine zinakila, nyingine zinatengeneza silaha ya kukinasa, na baadhi zinabaki miaka mingi zikikikumbuka ili kikirudi kisichukue muda. Kuvimba ni dalili kwamba kazi inafanyika. Haya nilijifunza ukubwani, kwa kusoma vitabu vya shule vya wanangu, nikiwa na hasira.

Ilikuwa majira ya kusafisha shamba. Mbaazi zilikwisha kuvunwa zamani, tukabaki na visiki vyake kule Bagara, vile vilivyokatwa mshazari kwa panga na kukauka vikawa vikali kama misumari. Mvua ilikuwa karibu. Baba hakuwepo, alikuwa Arusha wiki ya tatu akitafuta kipuri cha mashine. Mama na Sabina walilima, mimi nilikaa kwenye kivuli cha mabua ya mahindi yaliyofungwa, nimevaa raba, nikichambua mbegu. Nilimwona Sabina akisimama ghafla, akaegemea jembe, akainua mguu wa kushoto na kuutazama unyayo. Alichomoa kitu, akakitupa, akajipangusa kwa udongo, akaendelea kulima. Siku ya tatu alianza kuchechemea, na jioni yake mtoki ulikuwa umetoka.

Mama alimwosha mguu kwa maji ya chumvi. Tundu lilikuwa dogo mno kwa maumivu aliyokuwa nayo, lakini mguu ulikuwa umejaa hadi kwenye kifundo na ngozi yake inang'aa. Sabina alisema anataka kwenda hospitali.

"Hospitali kuna nini?" Aama aliuliza. "Zahanati hawana hata aspirini, hospitali utakuta foleni na ukuta."

"Wana penisilini, Aama. Mwenzangu alichomwa mwezi uliopita."

"Watu wanatoka huko waliko kuja kukanyagwa na mdogo wako. Leo wewe wa nyumba hii uonekane umekalia benchi la hospitali kwa mtoki? Watasema nini? Kesho nani atakuja hapa?"

Sabina alimgeukia Mama. Mama alikuwa anakamua kitambaa, akaendelea kukikamua hata baada ya maji kwisha. Mumewe hayupo, mama mkwe wake ameketi mlangoni. Akasema taratibu, "Tujaribu hivi kwanza, mwanangu. Ikizidi tutakwenda."

Aliponiona natandika ngozi, Sabina aliniambia nisimguse. "Iache tezi ifanye kazi yake," alisema. "Nilikueleza, Yulita. Nilikueleza vizuri." Mimi sikusikia kitu kingine ila kwamba mbele ya Mama na Aama dada yangu ananikataa, yeye ambaye siku zote alikuwa anacheka kazi yangu. Nilikasirika. Aama alimshika mabega, Mama akamshika miguu, na nilipoweka kisigino nilisema moyoni, sasa utaona. Sabina alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwa mgonjwa mwingine. Nikaendelea mpaka mara tatu.

Siku ya pili yake homa ilimpanda, akawa anatetemeka juani. Aama alisema ni mtoki unagoma kutoka. Nilimkanyaga asubuhi na jioni. Siku iliyofuata, Mama alipotoka kwenda kuchota maji, Sabina aliniita karibu. Midomo ilikuwa imemkauka. Alivuta kanga akanionyesha mguu wake, na niliona mstari mwekundu umetoka kwenye unyayo, umepita shavu la mguu upande wa ndani, umefika juu ya goti. Ulikuwa umenyooka, utadhani umechorwa kwa kalamu ya mwalimu.

"Unauona?" aliniuliza. "Jana ulikuwa hapa chini. Vijidudu vimeshapita, vinakwenda. Mwambie Mama. Mimi akiniuliza nasema, lakini Aama anamwambia naweweseka. Wewe watakusikia."

Nilimwambia sawa. Naapa nilikuwa na nia ya kusema. Mama aliporudi na ndoo alitua, akanawa mikono, akanikuta mlangoni. Aama alikuwa nyuma yangu anapasha mafuta. Ilikuwa hivi siku zote, kwamba mimi peke yangu ndiye niliyejua mtoki umefikia wapi, kwa sababu niliusikia kwa kisigino. Aliyeulizwa hali ya mgonjwa nilikuwa mimi, siyo mgonjwa.

"Yulita, niambie kweli," Mama alisema. "Asubuhi ulipomkanyaga, ulikuwaje? Umepungua?"

Haukuwa umepungua. Ulikuwa umeongezeka, umekuwa wa moto, na pembeni yake palikuwa pameota vivimbe vingine viwili. Nilimtazama Aama. Niliona sukari, niliona raba, niliona watoto wa jirani wanaonipisha njiani, na niliona kwamba nikisema ukweli nitakuwa mtoto kama watoto wengine, tena aliyeshindwa kwa dada yake mwenyewe.

"Umepungua, Mama," nilisema.

Mama alivuta pumzi, akaingia jikoni kuwasha moto.

Kesho yake Sabina hakumtambua mtu. Jirani mmoja alileta baiskeli, wakamkalisha nyuma, Mama akimshikilia upande mmoja na mimi nikimshika mguu usiburuzike. Hospitali walimpokea bila foleni, na penisilini ilikuwepo. Hilo ndilo jambo lililokuwa gumu kulimeza kuliko yote, kwamba ilikuwepo. Nesi alipomfunua aliona alama ya damu iliyovilia kinenani, nyeusi, ya ukubwa wa kisigino cha mtoto. Akauliza nani amempiga hapa. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mngemleta juzi," akaendelea na kazi yake. Sabina alifariki siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wakati mimi nimekaa nje kwenye ngazi.

Baba alirudi na kipuri baada ya siku mbili, akakuta kaburi. Aliuliza mara moja tu imekuwaje, na Aama akamjibu kwamba Mungu amempenda zaidi. Mashine ya kusaga ilifufuka wiki hiyo hiyo, na mlio wake ulisikika mpaka nyumbani. Watu walisifu.

Hazikupita wiki mbili mama mmoja akaja na mtoto wake mdogo anayechechemea. Aama akaniita kama kawaida, kwa jina, bila sauti kubadilika. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikavua raba nikaziacha hapo, nikakimbia mpaka shambani Bagara. Nilipita katikati ya visiki vya mbaazi nikikanyaga kwa makusudi. Nilitaka kuuharibu ule mguu usifae tena. Nilipofika mwisho wa shamba nilikuwa natoka damu unyayo mzima, nikakaa chini nikalia, na ninakiri nililia kwa uchungu wa mguu kwanza, Sabina baadaye.

Aama alisema mguu uliopasuka dawa yake imemwagika, akaacha kuniita. Mama aliniosha kila siku kwa maji ya chumvi aliyoyachemsha, bila kuniuliza nilikwenda kutafuta nini kule. Siku ya tatu nilipata mtoki wangu. Nililala chali nikaugusa kwa vidole viwili, mgumu, wa moto, unauma, na hapakuwa na mtu wa kunikanyaga. Nilingoja uende moyoni uniue, maana niliona ni haki. Baada ya siku nne ulianza kulainika. Baada ya wiki haukuwepo. Mwili wangu wa miaka tisa, uliolishwa majani ya maboga, uliupigania mguu ambao mimi sikuutaka, ukashinda, na haukuniomba ruhusa. Nililichukia hilo. Sabina naye alikuwa na askari hao hao, na walikuwa wanajitahidi. Walihitaji sindano moja ya kuwasaidia na sisi tukawapelekea kisigino.

Aama alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee, akiheshimiwa. Nilimpikia, nikamwogesha, nikamwamkia kila asubuhi. Sikumsamehe, na sidhani alijua kuna la kusamehewa. Uongo wangu nilibaki nao. Nimeolewa nao, nimezaa nao, nimeungama mambo mengi kanisani lakini siyo hilo, kwa sababu padri angesema nilikuwa mtoto, na mimi sikutaka kuambiwa hivyo na mtu asiyemjua Sabina.

Mwaka juzi Mama alianza kupungukiwa nguvu, nikamchukua nikae naye. Alasiri moja tulikuwa barazani tunapepeta maharage. Yeye anaona kwa shida lakini mikono yake bado inajua jiwe na punje. Sijui kilichonisukuma. Labda ni kwa sababu hakuwa ananitazama. Nikasema, "Mama, siku ile uliponiuliza kama mtoki wa Sabina umepungua, nilikudanganya. Haukuwa umepungua."

Hakuacha kupepeta. "Najua," alisema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Nimekusikia. Najua, Yulita. Asubuhi ile wakati amelala niliweka mkono pale mwenyewe. Nikasikia ulivyo." Alitoa jiwe, akalitupa uani. "Niliona na ule mstari. Lakini nikisema mimi, ni mimi na mama mkwe, na baba yenu hayupo. Nikaona, acha niulize mtoto. Mtoto akisema umezidi, hakuna atakayebisha, tutakwenda. Nikakuuliza."

"Na niliposema umepungua?"

"Ukasema umepungua. Basi."

Niliuona mkono wake ukipapasa ungo ukitafuta jiwe jingine. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeamini nilimdanganya mtu ambaye hakujua. Alijua. Alikuwa na miaka thelathini na tano, amemgusa mtoto wake kwa mkono wake, akaja kunisimamisha mimi mlangoni nimwamulie. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Badala yake nikamuuliza kama maharage yanatosha, akasema yanatosha, nikayachukua nikayabandika jikoni. Tulikula pamoja jioni ile. Nikamchagulia yaliyoiva vizuri, nikamkatia na kitunguu, na hakuna tonge lililoshuka bila mimi kumchukia.